Shikamoo ya Kukwepa Risasi

Sijawahi kuona watu wenye ndevu wakikimbizana na bastola za maji mpaka walipokuja wanafunzi wa kile chuo kilichoko mtaa wa nyuma ya kwetu, Kilosa. Nasema wenye ndevu kwa makusudi. Hawa si watoto. Wana vitambulisho vya kupigia kura, wengine wana watoto huko kwao, na wote wametumwa na wazazi waje wasomee kazi. Basi mwaka juzi wakaamua kusomea kuuana.

Mchezo wenyewe ni wa kipuuzi, lakini nitaueleza, maana bila hivyo mtaniona mimi ndiye mwenye matatizo. Kila mmoja anachota kikaratasi kwenye kofia. Ndani kuna jina la mwenzake. Huyo ndiye mlengwa wake, na kazi yake ni kumvizia popote alipo, sokoni, njiani, kwenye foleni ya chapati, mpaka ammwagie maji kwa bastola ya plastiki. Ukilowa, umekufa. Unamkabidhi muuaji wako kikaratasi chako, naye anaendelea kumwinda yule uliyekuwa ukimwinda wewe. Atakayebaki mkavu ndiye bingwa. Bingwa wa nini, msiniulize.

Na walivyokuwa makini sasa! Laiti wangekuwa makini hivyo na madaftari. Nilimwona kijana mmoja mnene amejibanza nyuma ya gunia la mpunga, tumbo limelizidi gunia kwa pande zote mbili, anahema mpaka gunia linatikisika, halafu eti amejificha. Nilimwona binti aliyetembea kinyumenyume kutoka sokoni mpaka geti la chuo, mfuko wa nyanya mkononi, asije akapigwa mgongoni. Mama yake yuko Kilangali, anapalilia mashamba ya watu ili huyu asome. Mtoto mwenyewe ndio huyo, anarudi nyuma kama lori linaloegeshwa. Nilisonya mpaka mate yakaniisha.

Ningeishia kusonya tu, kama wasingeingia kwa baba yangu.

Baba yangu alifanya kazi ya reli tangu ujana. Alikuja Kilosa kutoka Tabora, akapewa nyundo, akatengeneza njia ya treni mpaka walipomstaafisha. Mama alipofariki, kama mwaka mmoja kabla ya habari hizi, baba aligeukia ukutani. Sisemi kwa mafumbo. Alilala ubavu, uso ukutani, akawa anageuka kwa kusali na kula tu, na kula kwenyewe kwa kubembelezwa. Daktari alinieleza waziwazi: huyu mzee hana ugonjwa wa kumlaza, lakini akiendelea kulala miguu itakataa, na ikikataa kwa umri ule hasimami tena. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemlaza.

Mimi ni mpishi kwenye nyumba ya wageni huko Mikumi. Jumatatu mpaka Alhamisi niko huko, siku zinazobaki niko Kilosa na baba. Nisipokuwepo, jirani yetu mmoja, mama mjane, humpelekea chakula. Nilimbembeleza baba kwa kila lugha. Baba, amka. Baba, keti barazani upate hewa. Baba, watu wanakuulizia. Uongo mtupu, hakuna aliyekuwa akimwulizia. Wenzake wa reli walikwisha mmoja mmoja, na wachache waliobaki walikuwa wamelala makwao.

Sasa Ijumaa moja nashuka kwenye basi, nakata kona ya nyumbani, namkuta baba barazani. Ameketi kitini, wima. Amenyoa. Amevaa kanzu safi na barakashia, na mbele yake wamesimama vijana wanne, mikono nyuma kwa adabu, mmoja ameinamisha kichwa utadhani amekuja kuposa.

Nilisimama palepale na begi langu, machozi yakanilengalenga. Nikajisemea, kumbe dunia bado ina vijana waliolelewa.

Waliolelewa! Nilidumu katika ujinga huo kama dakika tano.

Kumbe wale mabazazi walikuwa na kanuni zao. Darasani hakuna kuuana. Msikitini na kanisani hakuna kuuana. Na ya tatu ndiyo iliyonitoa povu: anayemwamkia mkubwa hapigwi. Ukishasema shikamoo uko salama, mpaka yule mkubwa aitikie. Akisema marahaba tu, kinga imekwisha, mtu anamiminiwa maji.

Aliyetunga kanuni hiyo simjui, na ni heri yake. Mji mzima ukaota adabu. Wazee ambao walikuwa hawajaamkiwa na mtu mwezi mzima wakawa wanaamkiwa mara sita kabla ya saa nne asubuhi. Shikamoo bibi, shikamoo babu, shikamoo mjomba, na macho yanazunguka huku na huku kutafuta bastola itatokea wapi. Muuza mkaa wa sokoni, mtu ambaye hajatimiza hata miaka thelathini, aliniambia ameamkiwa mpaka ameanza kusikia maumivu ya kiuno. Nao wazee, masikini, wakawa wanakisifu chuo. Wakasema mkuu mpya amewanyoosha.

Ila watu huitikia haraka. Marahaba inakaa mdomoni, inatoka kabla hujajua hata umeamkiwa na nani. Kinga ya sekunde moja haimsaidii mtu. Baba yangu ndiye pekee aliyekuwa tofauti, tangu siku wa kwanza wao alipokimbilia mpaka chumbani kwake kujikinga, naye akageuka kumtazama. Kijana akimwambia "Shikamoo babu," baba alimtazama kwanza, kuanzia viatu kwenda juu. Halafu anamuuliza, "Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Msowero, babu."

"Msowero upande upi?"

Kijana anaeleza.

"Kwenu mnalima au mnafuga?"

Anaeleza tena.

"Na mahindi mwaka huu yamekuwaje?"

Muda wote huo shikamoo haijaitikiwa, na mwindaji amesimama ng'ambo ya barabara na bastola yake ya kijani, jasho linamtoka, anamsubiri mzee wa watu atamke neno moja. Ikifika robo saa mwindaji anachoka, anaondoka zake akinung'unika. Hapo ndipo baba anajiegemeza kitini na kusema, "Marahaba, mjukuu wangu." Kijana anatoka mbio.

Haya yote nilielezwa na yule binti wa kutembea kinyumenyume, tena bila haya, anatabasamu. "Mama, babu ndiye kinga bora Kilosa nzima," akaniambia. "Tunamwita Babu Ngome. Anachelewa vizuri sana."

Anachelewa vizuri! Baba yangu mzazi, aliyeunganisha vyuma juani miaka na miaka ili treni zisianguke, leo sifa yake ni kuchelewa. Nilimwambia yule binti kwamba nikimkuta tena pale barazani nitamchelewesha na mimi, kwa mwiko. Akaniamkia. Nikaitikia kabla sijajizuia, na maji yakapita sentimita chache kutoka sikioni kwangu, yakampata yeye shingoni. Mwindaji wake alikuwa nyuma ya choo chetu. Walipiga kelele za furaha wote wawili, aliyeua na aliyeuawa.

Jioni ile nilimwekea baba uji, nikaketi karibu yake. Nilitaka kumwambia kwa upole, lakini upole kwangu haukai muda mrefu.

"Baba, wale hawakuamkii wewe. Wanajikinga. Wamekufanya ngao."

Akapuliza uji. "Nani kakwambia sijui?"

Sikumwamini hata kidogo. Nilijua ni aibu, mtu mzima amegundua amechezewa na sasa anafunikafunika. Nikamwonea huruma, na huruma ikanizidishia hasira. "Wanakucheka, baba."

"Na wacheke. Yule mrefu wa Berega bibi yake amelazwa. Nataka nijue anaendeleaje."

"Utajuaje? Kesho atakuwa amelowa, hatarudi hapa."

"Jana alikuwa amelowa," baba akasema, "na alirudi."

Niliondoa bakuli. Nilifikiri uzee umeanza kumwingia kichwani.

Wiki iliyofuata ule upumbavu ukanifuata mpaka kazini. Chuo kiliwaleta wanafunzi Mikumi kutembelea mbuga, na chakula cha mchana wakaagiza kwetu. Nilipika wali na maharage kwa sufuria mbili kubwa, nikijua nawalisha kina nani, na nakiri sikupepeta mchele kwa bidii yangu ya kawaida. Walipoingia, askari wa wanyamapori watatu walikuwa mezani pembeni wanakula ugali, bunduki zao zimeegemea ukutani. Hao ni watu wanaolala porini wakivizia majangili, na majangili wakiwavizia wao. Bunduki kwao si kichekesho.

Basi, kijana mmoja, na huyu ana ndevu za kutosha kabisa, alikuwa ameipaka bastola yake dawa ya viatu, nyeusi tii, ili ionekane ya kweli. Mlengwa wake alikuwa amejificha nyuma ya friji la soda. Jamaa akaingia anakimbia, mkono mbele, bastola imenyooka, anapiga kelele, "Leo nakuua!"

Sahani ziliruka. Askari mmoja akakwapua bunduki ukutani na kupiga ukelele, "Lala chini!" Kijana akalala. Hakulala tu, alijitupa, uso ukatua kwenye sahani ya wali iliyokuwa imeanguka. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, na nilikuwa karibu kiasi cha kuona kidole cha yule askari kilipokuwa. Nilimwona mama yake yule kijana, ambaye simjui, akipigiwa simu.

Kutoka pale chini, mdomo umejaa wali, kijana akalia, "Shikamoo afande! Shikamoo!"

Askari alikuwa mdogo kwake, pengine kwa miaka mitatu. Bunduki mkononi, mishipa ya shingo imemsimama, na bado mazoea ni mazoea. Akaitikia, "Marahaba."

Halafu binti mmoja akanyanyuka taratibu kwenye meza ya dirishani. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akimwinda yule aliyelala chini, na kinga, si unaona, ilikuwa imekwisha. Akachomoa kabastola ka rangi ya machungwa kutoka kwenye mkoba, akammiminia maji kisogoni, mbele ya askari watatu. Akasema, "Samahani afande. Sheria."

Askari wawili walicheka mpaka wakashika meza. Yule mwenye bunduki hakucheka, aliketi na kusukuma ugali wake pembeni. Mimi nilitapika nyuma ya jiko. Nilipomaliza kutapika nilikuwa nimeshakata shauri.

Ijumaa sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipitiliza na begi langu mpaka ofisini kwa mkuu wa chuo. Nilimwambia yote, na sikuyapunguza. Nilimwambia wanafunzi wake wana akili za kifaranga. Nilimwambia kidole kilikuwa wapi. Yeye alikuwa ameshasikia habari za Mikumi na alikuwa na aibu zake, kwa hiyo alikubali kila kitu upesi. Mchezo ukapigwa marufuku. Kesho yake, Jumamosi, waliitwa paredi, bastola zikakusanywa kwenye gunia, zikachomwa motoni. Moshi wake ulifika mpaka uani kwetu, na harufu ya plastiki iliyoungua niliivuta kama naonja pilau.

Laiti ningeishia hapo. Lakini nilipokuwa nainuka pale ofisini, nikaongeza ombi la pili. "Na kwa baba yangu asikanyage mtu. Mzee si kichekesho cha mtu yeyote." Mkuu akaliandika. Likabandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na lile la bastola, limepigwa mhuri.

Nilirudi nyumbani nikijiona nimeokoa watu wawili: yule wa ndevu na baba.

Jumapili baba aliketi barazani, amenyoa, kanzu imepigwa pasi. Wanafunzi walipita. Walipita upande wa pili wa barabara, vichwa chini, wanaharakisha. Baba aliwasindikiza kwa macho kutoka kona hii mpaka kona ile. Yule mrefu wa Berega aliinua mkono, akaniona mimi mlangoni, akaushusha. Nilijipongeza. Nikasema, si unaona, mchezo umekwisha na heshima imekwisha, kama nilivyosema.

Wiki iliyofuata nilimkuta amekaa kitini lakini hakunyoa. Aliniuliza kama wanafunzi wamefunga chuo. Nikamwambia hawajafunga. Hakuuliza tena.

Wiki ya tatu kiti kilikuwa ndani. Jirani alinipokea uani, akanipa bakuli la uji ambao haukuguswa. "Tangu Jumanne hajatoka," akasema. Nikaingia chumbani. Baba alikuwa amelala ubavu, uso ukutani.

Nilikasirika, na kwa mara ya kwanza sikupata wa kumkasirikia. Nilikaa jikoni nikapanga ukweli wote mezani kama mtu anayechambua mchele. Watoto wale walikuwa wapumbavu, hilo silifuti mpaka leo. Lakini baba alijua wanachofanya. Alijua tangu siku ya kwanza, na alikuwa akiwachelewesha kwa makusudi, si kwa uzee. Na walipokuwa wameshakufa katika mchezo wao, hawana tena haja ya kinga, waliendelea kuja. Aliniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, nami nikaondoa bakuli. Miezi mingi nilimbembeleza mzee akae tu, nikashindwa. Wao walimkalisha kwa mchezo wa kijinga wa bastola, halafu mimi mwenye akili zangu nikaenda kumpigia mhuri arudi kitandani.

Jumamosi nikajikaza, nikaenda getini kwa chuo. Haikuwa rahisi, nilikuwa nimewatukana wote kwa mkuu wao. Nikampata yule binti wa Kilangali. Nikamwambia, "Hebu njooni basi mumwamkie babu yenu. Hata wawili tu."

Alinitazama kwa adabu zote, mikono ameikutanisha mbele. "Mama, tumekatazwa. Imebandikwa ubaoni."

"Mimi ndiye niliyesema. Sasa nasema tena, njooni."

"Tumeambiwa atakayeonekana pale anarudishwa kwao, mama. Mkuu mwenyewe amesafiri." Kisha, kwa kuwa nilikuwa bado nimesimama njiani mwake, akasema, "Haya mama, shikamoo."

"Marahaba," nikasema, upesi upesi, nayo ikamruhusu kuondoka. Akaenda zake.

Jumatatu alfajiri nilijiandaa kwa safari ya Mikumi. Nilikuwa nimempigia simu mwenye nyumba ya wageni kuomba siku mbili, akanijibu kuna kundi la wageni linakuja, hawezi. Nikamwekea baba chai na maandazi kwenye stuli, nikafunga kanga kiunoni, nikatia begi begani. Kwetu hutoki ndani asubuhi bila kuamkia, hata kama mmegombana. Kwa hiyo kila Jumatatu nilisema shikamoo yangu nikiwa mlangoni, nikitafuta kandambili kwa mguu, na baba aliitikia akiwa ameuelekea ukuta, na mimi nilikuwa nimeshafika uani kabla hajamaliza neno.

"Shikamoo baba. Ndio naondoka."

Kimya.

"Baba? Shikamoo."

Hakuna. Nilirudi, nikaweka goti kitandani, nikajiinua juu ya bega lake nimchungulie uso, na mkono wangu nikauweka mbavuni kuona kama anapumua. Alikuwa anapumua. Macho yalikuwa wazi kabisa, yananitazama.

"Unaumwa?"

Akatikisa kichwa.

"Hukunisikia?"

"Nimekusikia."

"Sasa mbona huitikii, baba?"

Alinitazama kwa muda, polepole, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Nikiitikia," akasema, "utaondoka."

Basi la Mikumi lilipiga honi pale sokoni, likapiga tena, likaenda.